Ushauri: makaburi ya familia Chamwino (Dodoma), Waislamu na Waanglikana eneo moja

Mjukuu_wa_Chamwino: Wakuu, shikamooni. Familia yetu ni mchanganyiko: kwa baba Waislamu, kwa mama Waanglikana. Tumetenga robo eka kijijini iwe ya makaburi. Tupange vipi safu, msiba ukitokea tusigombane? Na vigae vinaruhusiwa kote?

Sululu: Marahaba. Wote watalala mashariki-magharibi, ila vichwa vinapishana. Kibla (uelekeo wa Makka) kwa Dodoma ni kaskazini, kikiegemea mashariki nyuzi kama 8. Mwislamu hulazwa ubavu wa kulia uso kibla, basi kichwa chake kiko mashariki. Mkristo kwa desturi kichwa magharibi, atazame mawio. Mchimbaji asiyejua hukata mwanandani (shimo la pembeni, chini ya kaburi, la kumlaza maiti) ukuta wa kusini, na maiti akishafika makaburini ndipo watu wanaanza kuchimba upya! Mwambieni mapema: ukuta wa kaskazini. Kwa kuwa mwanandani hula pembeni, acheni futi 4 kati ya kaburi na kaburi. Upande wa Wakristo, shimo futi 7 kwa 3, nafasi ya futi 2 inatosha. Katikati ya eneo wekeni njia, maana masheikh wengi hawakubali safu zichanganywe.

Karani_Mstaafu: Kabla ya futi, karatasi. Pelekeni ombi kwa serikali ya kijiji, matumizi ya eneo yaandikwe kwenye muhtasari. Kiwanja cha makazi kilichopimwa mjini msiguse. Pia ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969: eneo likihitajika kwa manufaa ya umma, mnalipwa gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na tambiko. Zaidi ya hapo msitegemee. Na kila kifo kiandikishwe ndani ya siku 30.

Mjukuu_wa_Chamwino: Ahsanteni. Upande mmoja wa shamba ni kichanga. Mwanandani utasimama?

Sululu: Hausimami, utawaangukia wanaochimba. Hapo chimbeni mfereji katikati ya sakafu ya shimo, maiti alazwe humo, viunza (mbao za kufunika) vipangwe juu kabla ya kufukia. Hiyo nayo inakubalika katika Uislamu, mzee yeyote asiwatishe.

Fundi_Zege: Vigae: kwa Waislamu acheni, tuta la shibiri moja na jiwe la alama basi. Kwa Wakristo subirini mvua za Desemba hadi Aprili zipite. Udongo uliofukiwa hushuka, na zege lililowahi kumwagwa hupasuka katikati. Wakiwaharakisha kwa ajili ya arobaini, wekeni msalaba tu.