Kitambaa kilisahaulika tumboni baada ya upasuaji: nilalamike wapi?

Msafiri_Ruvu: Wakuu, salaam. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali binafsi ambayo sitaitaja. Tangu aliporuhusiwa alikuwa na maumivu ya tumbo na homa za kuja na kuondoka, na kila tuliporudi tuliambiwa kuwa kidonda kinapona taratibu. Tulipohamia hospitali nyingine alifunguliwa tena, kisha daktari akaniita pembeni na kunionyesha kitambaa cha upasuaji kwenye trei, kimekunjamana, kimegeuka kijani, kikitoa harufu niliyorudi nayo nyumbani kwenye shati. Je, malalamiko ya aina hii hupelekwa mahakamani, wizarani au Baraza la Madaktari?

Mzee_wa_Kibaraza: Pole kwa shemeji. Mimi niliacha kushangaa Novemba 2007, pale MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mgonjwa wa goti alipopasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti, kisa majina yao ya kwanza yalifanana. Tangu hapo kila nikilazwa huandika jina langu kamili mkononi kwa kalamu ya wino. Wauguzi hunicheka, nami huwaacha wacheke.

Wakili_Mstaafu: Daktari hushtakiwa kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza hayo hushughulikia mwenendo na leseni. Anayetaka fidia huenda mahakamani, na madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Ingekuwa hospitali ya serikali, ungetakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90.

Sista_Thieta: Vitambaa huhesabiwa na watu wawili kwa sauti kabla ya kuanza, kabla ya kufunga na mwishoni, na hesabu huandikwa. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 inataka hesabu hiyo ithibitishwe kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Mleta mada, hospitali ya kwanza imejibu nini? Na mgonjwa mwenyewe anataka nini? Umeeleza yote isipokuwa kauli yake.

Msafiri_Ruvu: Hospitali ilisema muuguzi aliyehesabu ameachishwa kazi.

Sista_Thieta: Hilo ni jibu la swali la kwanza.

Msafiri_Ruvu: Mke wangu hajui. Aliambiwa kwamba kilichotolewa ni uvimbe, nami ndiye niliyemwomba daktari aseme hivyo, kwa kuwa ananyonyesha na ni mtu wa presha. Hospitali ya kwanza ilinipa fedha zilizolipia upasuaji wa pili, nikatia sahihi kwamba hatuna madai zaidi. Msinihukumu; aliyekuwa akidaiwa bili ni mimi, si ninyi.

Mama_Nuru: Tumbo ni lake, kovu ni lake, na akitaka kuzaa tena atamweleza mkunga kwamba aliwahi kutolewa uvimbe. Mwanangu, hiyo si huruma.

Kaka_wa_Tabata: Kumbe kulikuwa na mapatano, na mwenye tumbo hakualikwa kikaoni!

Wakili_Mstaafu: Mgonjwa ni mtu mzima mwenye akili timamu. Kwa maoni yangu, sahihi ya mume haiwezi kufuta madai yake kama hakumtuma. Fedha ulizopokea huenda zikahesabiwa wakati wa fidia, basi.

Mchunguzi_Huru: Samahani, hii ni chai. Kitambaa ni pamba tu na pamba haionekani kwenye picha ya eksirei. Daktari wa pili alijuaje mahali pa kupasua? Mleta mada anatunga ili tuwatukane madaktari.

Sista_Thieta: Vitambaa vya chumba cha upasuaji hufumwa na uzi maalumu unaoonekana kwenye eksirei kama mstari mweupe. Shashi ya kufungia vidonda wodini haina uzi huo.

Msafiri_Ruvu: Sina sababu ya kutunga. Eksirei haikuonyesha kitu. Kilichoonekana kwenye altrasaundi kiliandikwa kuwa uvimbe, ndipo wakafungua. Kwenye trei sikuona uzi wowote.

Sista_Thieta: Basi jambo hili ni kubwa kuliko huyo muuguzi. Iwapo hapakuwa na uzi, yupo aliyenunua vitambaa visivyofaa, na yupo aliyeruhusu vitumike ndani ya tumbo la mtu. Aliyefukuzwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kuvishika, na huenda kesho mwingine anahesabu vilevile.

Otieno_KNH_Jirani: Huku Nairobi, Februari 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilimpasua kichwa mgonjwa asiye mhusika. Daktari aliyepasua alisimamishwa kazi, wenzake wakaandamana wakisema mgonjwa aliletwa akiwa na lebo ya mtu mwingine.

Mchunguzi_Huru: Bado nasubiri kuona ripoti ya upasuaji wa pili.

Msafiri_Ruvu: Hutaiona hapa. Ila ningependa kuichukua, pamoja na jalada la hospitali ya kwanza, bila kumsumbua mgonjwa kwa sasa. Nilifikiri dada yake anaweza kutia sahihi kwa niaba yake.

Wakili_Mstaafu: Hawezi. Mwombaji wa jalada ni mgonjwa, na barua iombe pia karatasi ya hesabu ya vitambaa na orodha ya waliokuwa chumbani. Malalamiko dhidi ya hospitali yenyewe yapelekwe Bodi ya Ushauri wa Hospitali Binafsi, wizarani. Nitakuandikia rasimu leo jioni; nafasi ya sahihi itakuwa na jina la mkeo.