AC inatoka miguuni na kwenye kioo, usoni hakuna kitu. Fundi anataka kubadili kompresa

Msafiri wa Goba
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka kabla hakujakucha.

Nina kagari kangu cc 1300, namba D, AC yake ni ya swichi za kuzungusha, siyo ya digitali. Ilikuwa inapiga baridi mpaka mke wangu ananiomba nipunguze. Ghafla matundu ya usoni, hasa yale mawili ya katikati, hayatoi upepo wa maana. Ya pembeni yanapumua kwa mbali. Feni naisikia inavuma namba zote. Joto la Dar mnalijua, nikifika Mwenge shati limeshaganda mgongoni, na kazi yangu ni ya kukutana na wateja.

Fundi AC kasema kompresa imechoka, anataka kufunga ya mtumba na kujaza gesi mpya. Je, dalili za kompresa kuchoka ndiyo hizi? Gari haijaguswa na mtu yeyote. Natanguliza shukrani.

Kisu Butu
Shusha vioo mkuu. Wazee wetu walikwenda Songea na Peugeot 504, AC yao ilikuwa kiwiko nje ya dirisha.

Mama Nasra
Kaka, yangu ilianza hivyohivyo, kumbe panya. Nyuma ya ile droo ya dashibodi, upande wa abiria, alijaza magunzi, sponji ya kiti na soksi ya mwanangu. Harufu yake nisikuhadithie. Toa droo, utaona kifuniko chembamba, chomoa filta ya kabini uitazame. Ikijaa vumbi na majani upepo haupiti. Mimi nikaleta paka, naye paka akazalia kwenye buti. Mpaka leo naendesha na watoto wa paka.

Msafiri wa Goba
Dada filta nimeitoa nikaipuliza, ni safi. Panya hakuna.

Spana 14
Mkuu, kabla ya kompresa nijibu kwanza. Ukielekeza miguuni upepo unatoka? Kwenye kioo cha mbele je? Na ni wa baridi?

Msafiri wa Goba
Miguuni vizuri. Kwenye kioo vizuri sana, na baridi kweli. Ndiyo maana nachanganyikiwa.

Spana 14
Basi achana na kompresa. Kompresa inasukuma gesi, haijui upepo utatokea tundu lipi. Ingekuwa imechoka, hata miguuni ungepata upepo wa joto. Ukitaka kuhakikisha, washa AC, fungua boneti, tafuta lile bomba nene la AC linaloingia kwenye ukuta kati ya injini na kabini. Likiwa baridi na linatoa jasho, upande wa gesi upo sawa. Feni inafanya kazi namba zote, kwa hiyo resista, kile kifaa kinachogawa spidi za feni, nayo ni nzima. Resista ikiungua, mara nyingi feni inabaki na namba ya mwisho tu.

Tatizo lako lipo kwenye njia ya upepo. Ndani ya boksi la AC kuna vibao vinavyofunguka na kufunga. Gari ya swichi za kuzungusha mara nyingi inatumia waya: ukizungusha, waya unavuta kibao. Waya ukichomoka, swichi inazunguka kilaini bila uzito. Zile za digitali zina mota ndogo, gia yake ya plastiki ikivunjika meno utasikia tak tak tak ndani ya dashibodi. Ya kwako vibao vinaonekana vinatii, maana miguuni na kioo vinabadilika. Kinachobaki ni mfereji wa plastiki unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye matundu ya usoni.

Nakuuliza tena, hakuna mtu aliyefungua dashibodi hiyo karibuni?

Babu wa Soni
Vijana mnapenda gereji bubu. Mtu ana spana mbili chini ya mwembe, kesho yake anaitwa injinia. Nenda kwa mtu mwenye vipimo vya gesi, ulipe, ulale usingizi.

Msafiri wa Goba
Spana 14, dashibodi haikufunguliwa. Ilitolewa redio tu. Niliweka ya Android, ya inchi 9. Aliyefunga ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi mzuri na muziki unapiga safi, kwa hiyo sidhani kama inahusiana. AC ilianza kusumbua wiki hiyohiyo lakini naona ni sadfa tu.

Halafu fundi AC nimeshampa laki mbili ya kutangulizia. Kesho anakwenda Ilala kuchukua kompresa. Ni mtu mzima, sioni kwa nini anidanganye.

Mama Nasra
Ndugu wa mke ukimpa kazi umeajiri kesi. Mimi wifi yangu alinishonea gauni la harusi, mpaka leo hatujamaliza.

Spana 14
Ungeanza na hiyo redio. Kwenye gari nyingi ndogo mfereji wa matundu ya katikati unapita nyuma ya redio au juu yake kidogo. Redio hizi zinakuja na furushi la waya, nafasi haitoshi, fundi anasukuma kwa kiganja. Mfereji unachomoka kwenye maungio, au anaukata kabisa ili redio ikae. Hapo upepo wote unamwagika ndani ya dashibodi, na ya pembeni yanabaki na makombo.

Jaribu hivi: elekeza upepo usoni, feni namba ya mwisho, subiri kama dakika kumi, halafu gusa kingo za kioo cha redio. Ikiwa baridi kama chupa ya soda, jibu unalo. Na usichelewe, hewa yetu ya pwani ina unyevu, maji yatajikusanya kwenye plagi za nyuma na redio yenyewe itakufa.

Mpira Kona
Wakuu hii ni chai. Mwanzo "gari haijaguswa na mtu yeyote". Mara redio, mara shemeji, mara laki mbili. Akaunti yenyewe ya juzi. Subirini, sasa hivi ataweka namba ya simu ya shemeji mnunue redio za Android. Tangazo hili.

Kisu Butu
Hata mimi nilishtuka aliposema muziki unapiga safi. Nani aliuliza muziki?

Mama Nasra
Chai au si chai, mimi leo nimejua kazi ya resista. Muacheni.

Mpira Kona
Atupe picha basi. Mtu anayeomba ushauri usiku huu gari analo hapo nje.

Msafiri wa Goba
Chai ya nini, nimechoka na joto. Nimegusa kingo za redio, ni baridi sana. Nimevuta ile fremu inayoizunguka, picha hiyo hapo chini. Mfereji umekatwa, kipande kizima hakipo, naona kama kwa kisu cha moto. Lakini tuwe wakweli, redio ya inchi 9 ingekaaje pale bila kukata? Shemeji simwambii kitu, Jumapili tuna kikao cha familia. Na laki mbili zangu je?

Spana 14
Mpigie fundi AC usiku huuhuu kabla hajapanda daladala ya Ilala. Mwambie asinunue, na mshike lile bomba pamoja, yeye mwenyewe aseme kama gesi haifanyi kazi.

Kwenye spea za mtumba ulizia mfereji wa katikati wa gari kama lako. Ukikosa, ziba pengo kwa plastiki ngumu na utepe wa aluminiamu wanaotumia mafundi wa friji. Utepe mweusi wa umeme usiweke, gundi yake inayeyuka gari likisimama juani. Kabla ya kugusa chochote toa waya wa hasi wa betri, subiri dakika kadhaa, na plagi za njano usizichokonoe, ni za airbag.

Mpira Kona
Picha nimeiona, nafuta kauli. Hiyo redio alikufungia shilingi ngapi?