Vitunguu vya Mang'ola hadi Nairobi, mnunuzi haji tena shambani: nianzie wapi?

BintiEyasi:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Nalima vitunguu Mang'ola, Karatu, kwa maji ya chemchemi ya Qangded. Miaka yote mnunuzi wangu alikuwa mama mmoja wa Nairobi: anakuja na Fuso, analala hapa, anasimamia kukata mikia na kupakia mpaka gunia la mwisho, analipa taslimu, anaondoka. Tangu Serikali itoe lile katazo la Julai 2025, wasio raia wasinunue mazao shambani, hakanyagi tena. Tumebaki na madalali wa hapahapa, na wanajua hatuna pa kwenda: wanataka lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo, kwa bei ya gunia la kawaida, tena kwa mkopo.

Mama mzigo bado anautaka. Anasema nimvushie mimi. Sijawahi kuvusha hata debe! Kuna wanaoniambia ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna ushuru, ni kupita tu. Wengine wanasema nigawe mzigo, kila fungu chini ya dola 2,000, nipate kile cheti rahisi cha mpakani. Mwenye uzoefu wa mpaka wa Namanga anisaidie. Na hela napokeaje?

MzeeWaGulio:
Kupita tu? Hahahaa. Haya.

WakalaNamanga:
Dada, kitunguu cha Tanzania kweli hakilipi ushuru wa forodha kuingia Kenya, mradi kina cheti cha uasili, yaani cha kuthibitisha kimelimwa Tanzania. Lakini karatasi ziko palepale. Njia ya dola 2,000, ya cheti hicho kwa namna rahisi, ni ya mwenye magunia machache. Fuso iliyojaa inazidi. Ukigawa gari moja kwa majina matano, forodha wanaona gari moja. Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni.

Kabla hujapakia, mama aombe kibali cha kuingiza mimea KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, kwa jina lake. Wengi wanakwama hapa: gari liko Longido, kibali ndiyo kwanza kinaombwa. Ukishapata nakala, nenda TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea ya huku Tanzania, ukachukue cheti cha usafi wa mimea. Kibali cha kusafirisha nje ya nchi nacho kiwe tayari, na stakabadhi ya ushuru wa halmashauri usiitupe, mageti yapo njiani.

Kituo cha pamoja cha mpakani Namanga, kile walichozindua Magufuli na Kenyatta Desemba 2018, kimesaidia sana: maofisa wa nchi zote mbili unawakuta upande mmoja. Ila aliyekuja mikono mitupu hakimsaidii. Mnakumbuka mahindi, Machi 2021? Kenya ilisimamisha yasiingie kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, siku chache baadaye ikafungua, lakini kwa sharti la cheti kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Aliyekuwa na gari limeshajaa ndiye aliyeumia. Na mahindi angalau yanavumilia foleni.

Soko_Marikiti:
Mimi niko soko la Marikiti, Nairobi. Dada, hicho kitunguu chenu tunakipenda kwa sababu shingo imekauka. Cha huku mara nyingi kinavunwa kibichi, hakikai. Kwa hivyo dereva asikuharakishe. Ukibonyeza shingo na bado ni laini, usipakie. Moja mbichi inaharibu neti nzima. Lumbesa sahau, huku ni kilo.

Pesa: nusu mkielewana bei, nusu ingine gari likishavuka. M-Pesa ya huku inatuma Vodacom, lakini pesa ya Fuso nzima pitisheni benki. Halafu uza kwa bei ya Namanga, usiuze kwa bei ya Nairobi. Soko likianguka ukiwa Kajiado, hiyo hasara ni yako.

Tena mimi na wenzangu wawili tungeweka pesa kwa banda la kukaushia huko kwenu. Tumechoka kubahatisha.

WakalaNamanga:
Hilo la banda zuri, lakini msifanye kienyeji. Pitieni chama cha ushirika, mkataba uandikwe, banda na ununuzi viwe vitu viwili tofauti. Mkivichanganya, kesho mtaambiwa mgeni ananunua shambani kwa mlango wa nyuma.

BintiEyasi:
Asanteni sana. Nimempigia mama, kibali anaomba wiki hii, nami sipakii mpaka nione nakala. Ndugu wa Marikiti, banda tuongee. Kiwanja changu, mabati yenu, mzani unakaa kwangu.

Soko_Marikiti:
Mzani uwe na stika ya Wakala wa Vipimo, basi sina neno.