Majirani wa mtaa, Taveta: Nani anahamisha mtoto wa JSS?

Mama Neema: Hamjambo majirani. Nani mwingine anahamisha mtoto wa JSS (sekondari ya chini, gredi ya 7 hadi 9) muhula huu ukiisha? Mimi nimechukua fomu ya akademi moja huko Voi.

Baba Rama: Hatujambo mama. Kuna nini tena?

Mama Neema: Jana nilifungua daftari la sayansi la Neema. Amechora hadubini kutoka kitabuni, vizuri kabisa, kila sehemu na jina lake. Nikamuuliza mliangalia nini ndani yake. Akasema, "Mama, hatujawahi kuiona." Gredi ya 8 hiyo!

Baba Rama: Anayewafundisha sayansi alisomea Kiingereza na dini, maskini. Anajitahidi.

Bi Zainabu: Nani wa kumlaumu? Walimu ni wawili tu kwa masomo tisa.

Mwalimu Mghanga: Shikamooni wakubwa. Mama Neema, uchungu wako ni wangu, nilishika chaki miaka mingi. Lakini tazama hesabu hii. Serikali hutenga shilingi 15,042 kwa kila mtoto wa JSS kwa mwaka. Wakiondoka 20, shule imepoteza 300,840. Hadubini itatoka wapi? Na walimu wakigawanywa, kwenye watoto wachache hawaletwi.

Mama Neema: Kwa hiyo mwalimu, Neema wangu akae pale ili shule ipate pesa?

Mwalimu Mghanga: La, mama. Sijasema hivyo.

Mama Neema: Maana alama za gredi ya 7 na 8 zinaingia kwenye matokeo ya gredi ya 9, asilimia 20. Za mwaka jana zimeshapita, hazirudi.

Mwalimu Mghanga: Hilo ni kweli tupu. Sina la kukujibu hapo. Ninachoomba ni twende wote Ijumaa kwenye mkutano wa wazazi, tuulize sayansi itafundishwa na nani. Sekondari ya jirani ina maabara. Tuombe watoto wapelekwe huko hata mara moja kwa wiki.

Baba Rama: Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Hilo linawezekana, nitakuja.

Bi Zainabu: Mwalimu, samahani. Ali wangu bado hana cheti cha kuzaliwa. Naye anahesabiwa?

Mwalimu Mghanga: Yuko gredi ya ngapi?

Bi Zainabu: Ya 7. Anaenda kila siku, hakosi.

Mwalimu Mghanga: Kama kwa kukosa cheti hajaingizwa kwenye mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, pesa yake haiji, Bi Zainabu! Anakalia dawati na hayupo kwenye hesabu. Una kadi yake ya kliniki?

Bi Zainabu: Ninayo, imechanika kidogo.

Mwalimu Mghanga: Ilete hivyo hivyo, na kitambulisho chako. Kesho saa mbili asubuhi nakupitia twende kwa msajili.

Baba Rama: Kwenye ploti yetu kuna wengine wawili kama Ali. Nitawaambia mama zao usiku huu.

Mama Neema: Fomu ya Voi mwisho wake ni Jumatatu. Nitakuja Ijumaa, nami nitakaa mbele.