Masanduku ya profesa: yabaki Lindi, yaende Dar au Ulaya?

Bandari ya Zamani: Wadau, kikao cha ukoo ni Jumamosi, naomba mawazo. Baba yangu mkubwa alikuwa profesa wa historia. Alistaafu akarudi Lindi, amefariki mwaka juzi. Ameacha masanduku 9. Mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa chuo waliotumwa vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita vya Maji Maji, na miaka ya 80 akarudi tena na redio ya kaseti. Kuna madaftari, kaseti, mihadhara aliyopiga taipu, barua, mpaka mitihani aliyosahihisha. Chuo kimoja cha Ulaya kinayataka yote: kitasafirisha, kitaskani, kitatupa nakala. Chuo cha Dar nacho kinayataka ila hakina hela ya gari. Shangazi anasema hakitoki kitu. Jana nimefungua sanduku la chini, mchwa wameshapita. Daftari moja limebaki nusu, kila mstari unakatikia kati ya neno.

Msomi wa Ubungo: Dar au Ulaya, basi. Yakibaki huko, masika mawili tu utayakuta stendi yamefungiwa korosho za kukaanga.

Korosho Ghafi: Ehee, umeanza. Korosho mkizitafuna Sinza na bia zenu ni tamu, mwenye shamba ndiye asiyejua kusoma. 2013 tulisema gesi ya Mtwara haitoki, tukala mabomu ya machozi, bomba likaenda Dar. Sasa mmerudia makaratasi?

Msomi wa Ubungo: Gesi na daftari wapi na wapi? Nimezungumzia mchwa mimi.

Korosho Ghafi: Hukuzungumzia mchwa. Umesema korosho. Soma ulichoandika, msomi.

Mmwera Mtupu: Na mjusi wa kale, yule dinosaria, je? Katolewa Tendaguru hapa hapa 1914, leo yuko Berlin watu wanalipa kiingilio kumwangalia. Sisi tumebaki na shimo.

Mstaafu Nyangao: Kijana, ni 1909 mpaka 1913. 1914 ni vita. Mifupa ilibebwa na babu zetu kichwani, porini mpaka bandari ya Lindi, na mjusi huyo leo amesimama zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ukilalamika, lalamika na mwaka wake. Marehemu alinifundisha. Insha yangu ya Maji Maji aliirudisha na wino mwekundu pembeni: "Nani kakwambia?" Nilikuwa nimeandika kwamba misheni ya Nyangao ilichomwa 1905, na ni kweli ilichomwa, lakini sikutaja nimeitoa wapi. Nilinuna muhula mzima.

Mmwera Mtupu: Shikamoo mwalimu. Mwaka nimekosea, mjusi sijakosea.

Mama Wawili Ligula: Makaratasi ya UMCA, misheni ya Waanglikana ya Masasi, nayo yako Oxford, Uingereza. Mmakua akitaka kusoma habari za kijiji chake aombe viza kwanza. Hiyo "nakala tutawapa" mimi siiamini.

Karani wa Masijala: Nimefanya kazi masijala miaka 22. Kabla ya kubishana yaende wapi: inua masanduku yote kutoka sakafuni leo, weka juu ya mbao mbali na ukuta. Toa pini zenye kutu. Usipulize dawa ya mbu juu ya karatasi. Usipange upya kwa akili yako, alivyopanga mwenyewe ndivyo yaachwe. Na popote yaendako andikeni mkataba wa makabidhiano: nani asome nini, kuanzia lini.

Bandari ya Zamani: Ahsante Karani. Na barua je? Kuna furushi limefungwa kwa kipande cha kanga, mwandiko wa mwanamke, na si wa mama mkubwa. Mama mkubwa yuko hai.

Korosho Ghafi: Hahaha! Sasa nimeelewa kwa nini shangazi hataki yatoke.

Msomi wa Ubungo: Hiyo ndiyo historia yenyewe. Msichome!

Mama Wawili Ligula: Wewe ungependa mama yako asomwe Ulaya?

Msomi wa Ubungo: Mama yangu hana furushi.

Mama Wawili Ligula: Una hakika gani?

Karani wa Masijala: Bahasha, lakiri, masharti: isifunguliwe wahusika wakiwa hai. Hufanyika kila siku. Tuendelee.

Kwetu Nandete: Nasoma tangu asubuhi. Mnagombania ukoo, Dar na Wazungu. Babu mzaa mama alihojiwa na profesa huyo. Alikuwa mtoto wa kufukuza ndege shambani pamba ilipong'olewa kwetu Julai 1905. Alitusimulia kwamba alikuja kijana wa chuo, akakaa juu ya kinu siku mbili anaandika, akaondoka. Hatukuletewa hata ukurasa. Maneno ni ya babu, daftari ni la profesa, sasa ni la nani?

Korosho Ghafi: Ila na Sinza mnapandisha bei ya korosho kweli, kilo moja juzi...

Mstaafu Nyangao: Korosho Ghafi, nyamaza kidogo. Bandari, tafuta daftari la Nandete.

Bandari ya Zamani: Nimelitafuta. Ndilo hilo lililoliwa.

Kwetu Nandete: Haya.

Bandari ya Zamani: Subiri ndugu yangu. Kuna kaseti, imeandikwa kwa penseli: Nandete, upande A. Upande B kaandika "mzee kachoka, kesho". Hapa nyumbani hakuna kitu cha kuichezea. Nani ana redio ya kaseti?

Msomi wa Ubungo: Ninayo ya marehemu baba. Nashuka Lindi Ijumaa kwa basi, nakuja nayo. Ila inakula mkanda.

Karani wa Masijala: Basi msiiguse na hiyo! Nitumie namba yako, Bandari. Kuna fundi Mtwara mjini, kichwa cha redio yake ni kisafi, nitakuelekeza.

Kwetu Nandete: Mkifika kwa fundi nipigieni. Nataka niwepo.