Django, Flask au FastAPI kwa mfumo wa kikoba?

MlimaUluguru (Morogoro)

Wakuu, habari za humu ndani.

Python nimejifunza mwenyewe kwa video na nyaraka, sijapita darasa lolote. Klasi, faili za CSV na SQL (lugha ya hifadhidata) ya kawaida naziweza, na nimeshatengeneza vijitovuti kadhaa kwa Flask, fremuweki (kiunzi cha kujengea tovuti) ya Python. Sasa mama yangu mdogo na wenzake wa kikoba wanataka nihamishe hesabu zao kutoka kwenye daftari. Wako wanachama 30. Kila wiki wananunua hisa na kuchangia mfuko wa jamii, wanakopa na kurejesha kwa riba, anayechelewa kikao anapigwa faini, na mzunguko ukiisha wanagawana. Mhazini ataingiza kwa simu yake. Huko mbele wanatamani mtu aweze kulipia hisa kwa M-Pesa akiwa nyumbani.

Nibaki na Flask, nihamie fremuweki nyingine ya Python, Django, au nichukue FastAPI ambayo kila ninapopita inasifiwa? Kwa hifadhidata, SQLite ya faili moja inatosha au lazima PostgreSQL? React, ile maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, je? Na nihosti wapi bila kuwatwisha akina mama bili ya kila mwezi wasiyoielewa?

Fundi_Kinondoni

Django, mkuu. Soma tena ulichoandika: wanachama, hisa, mikopo, marejesho, faini. Hayo ni majedwali yenye uhusiano, na mtu mmoja wa kuyajaza. Ukishaandika modeli (klasi zinazoeleza majedwali yako) na kuzisajili, Django inakupa adimini: kurasa za kuongeza, kutafuta, kuchuja na kuhariri, zenye nywila na ruhusa, na HTML hujagusa. Tangu toleo la 2.0 kurasa hizo zinakaa vizuri hata kwenye skrini ya simu.

Haikutokea hivyo kwa bahati. Django ilianzia mwaka 2003 kwenye gazeti la Lawrence Journal-World kule Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma 2005. Watu wa chumba cha habari walitakiwa kuingiza habari wenyewe bila kumsubiri mtu wa kompyuta. Mhazini wako ana shida ileile.

Weka `LANGUAGE_CODE = 'sw'` na `TIME_ZONE = 'Africa/Dar_es_Salaam'`, halafu majina ya modeli uyaandike kwa `verbose_name`: Mkopo, Rejesho, Faini. Tafsiri ya Kiswahili imo ndani ya Django, ingawa hapa na pale Kiingereza kitachungulia.

Nahodha_Likoni (Mombasa)

Mimi napinga kidogo. Jamaa amesema Flask anaijua. Mtu aliyejifunza peke yake akirukia Django anakutana na faili asizoelewa kazi yake, anabaki kunakili tu kutoka kwa video. Flask ina njia moja nyeupe: ombi linaingia, fanksheni yako inalijibu. Ukikosea unajua umekosea wapi.

Na usiidharau kwa udogo. Armin Ronacher aliianza 2010 kutokana na mzaha wa Siku ya Wajinga, leo iko kwenye mifumo mikubwa ya kweli. Chama cha watu 30 hakiwezi kuishinda.

Fundi_Kinondoni

Nahodha, hakuna aliyesema itashindwa. Hesabu tu atakavyohitaji kuongeza. Kuingia kwa nywila: Flask-Login. Hifadhidata: SQLAlchemy. Kubadilisha majedwali bila kupoteza data: Flask-Migrate. Fomu na kinga ya CSRF (fomu za kughushi zinazotumwa kutoka tovuti nyingine): Flask-WTF. Ukurasa wa mhazini: aandike mwenyewe au atafute kiongezeo kingine. Kila kimoja kina matoleo yake na nyaraka zake, na siku kimoja kikibadilika atahangaika peke yake usiku. Atamaliza ameunda Django yake mwenyewe ambayo hakuna mtu mwingine anayeifahamu.

Nahodha_Likoni (Mombasa)

Kwa ukurasa wa mhazini nakubali, hapo umenipata. Lakini tumwambie ukweli wote: adimini ni ya watu wa ndani mnaowaamini. Siku wanachama watakapotaka kila mmoja aone salio lake, asiwape akaunti za adimini. Hapo itabidi aandike kurasa za kawaida, na kazi inakuwa karibu sawa na ya Flask.

Binti_Mzizima

Naandika FastAPI kila siku kazini, na nakwambia kaka Mluguru: kwa kazi hii iache.

Sifa zake ni za haki. Sebastián Ramírez aliitoa mwishoni mwa 2018 juu ya maktaba za Starlette na Pydantic. Unatangaza aina za data kwenye fanksheni, yenyewe inakagua kinachoingia, inakataa kisichofaa na kukutengenezea nyaraka za API (mlango ambao programu nyingine zinaombea data) kwenye `/docs`. Ofisini kwetu kuna timu ya Android na timu nyingine ya tovuti, wote wanasoma API moja, kwa hiyo inatulipa. Wewe huna timu ya Android. Una mama mdogo.

Halafu hilo neno `async`, la kuruhusu maombi mengi yaendelee huku mengine yakisubiri, linawapoteza wengi. Ukiandika `async def` kisha ndani yake ukaita maktaba ya hifadhidata isiyo ya async, ombi moja linalosubiri linawasimamisha wengine wote. Ukiandika `def` ya kawaida, FastAPI inaipeleka kwenye nyuzi za pembeni na mambo yanaenda. Mtu anasoma "ni ya kasi" anabandika `async` kila mahali, anapata kitu kizito kuliko Flask aliyoikimbia. Kwa watu 30 wanaokutana mara moja kwa wiki, kasi si shida yako kabisa.

Mwerevu_wa_Forodhani (Unguja)

Yakhe, mnabishana fremuweki wakati balaa liko kwenye hesabu. Ngoja niseme la pesa.

Kwanza `float`, namba ya desimali ya kawaida ya kompyuta, usiiguse. Andika `0.1 + 0.2` kwenye Python uone: 0.30000000000000004. Shilingi yetu senti hazitumiki tena, basi hifadhi kiasi kama namba kamili, `PositiveBigIntegerField` au mfano wake. SQLite nayo haina aina halisi ya desimali, kwa hiyo namba kamili inakuokoa pande zote mbili.

Pili, kukadiria. Mtu amebakiwa na deni la 12,345, riba asilimia 10. Inakuja 1,234.5. Mhazini kwenye daftari ataandika 1,235 kama alivyofundishwa shule. `round()` ya Python itakupa 1,234, kwa sababu nusu inaipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu: `round(2.5)` ni 2, `round(3.5)` ni 4. Tofauti ni shilingi moja, lakini kwenye kikoba shilingi moja isiyoelezeka inatosha kuvunja imani ya mfumo mzima. Tumia `Decimal` (desimali kamili ya Python) na `ROUND_HALF_UP` (nusu inapanda juu) wakati wa kukokotoa, kisha hifadhi namba kamili.

Na kabla ya kuandika mstari wowote, omba katiba ya kikoba uisome. Riba inahesabiwa kwenye mkopo wa awali au kwenye deni lililobaki? Faini inaingia kwenye faida ya kugawana au kwenye mfuko wa jamii? Aliyejitoa katikati ya mzunguko anapata nini? Django haijui, Flask haijui. Na usishangae ukikuta katiba inasema hivi na mhazini anafanya vile. Hapo wakae wao waamue, wewe usichague kwa niaba yao.

MlimaUluguru (Morogoro)

Hilo la katiba sikuliwaza kabisa. Nimempigia mama mdogo sasa hivi, ananiambia riba "inategemea na mkopo". Kazi ipo.

Vipi kuhusu M-Pesa?

Dada_Eastleigh (Nairobi)

Nimeunganisha Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom, mara nyingi, wacha nikupe picha, ila jua kwamba Daraja ni ya Kenya. Kwenu Vodacom ina API yake tofauti, au mnapitia kwa wakusanyaji wa malipo kama Selcom na AzamPay. Mfano wa Kenya hauwezi kunakiliwa ukafanya kazi Morogoro, namba zenyewe zinaanzia 255 badala ya 254. Mantiki lakini ni ileile.

Wewe unatuma ombi, simu ya mteja inatokeza kisanduku cha kuweka PIN. Jibu unalopata papo hapo linasema tu kwamba ombi limepokelewa. *Pesa bado haijalipwa*. Matokeo yanakuja baadaye kwenye anwani uliyotoa, ambayo lazima iwe ya HTTPS na ifikike kutoka nje, kwa hiyo `localhost` (kompyuta yako mwenyewe) haifai. Kwa Daraja `ResultCode` 0 ni malipo yamepita, 1032 mteja ameghairi, 1 salio halikutosha. Rekodi hisa ikija 0 tu.

Kwenye Django jibu hilo litakataliwa kwa kosa la 403 mpaka uweke `csrf_exempt` (kuiondolea kinga ya CSRF) kwenye hiyo view, yaani fanksheni inayolipokea. Hapo wengi hukwama wakadhani funguo zao ndizo mbovu. Ukishaifungua, kumbuka yeyote anayeijua anwani anaweza kutuma JSON ya uongo, kwa hiyo linganisha `CheckoutRequestID` (namba ya ombi) na ile uliyohifadhi ulipotuma ombi, linganisha na kiasi, na ukiwa na shaka uliza hali ya muamala kupitia API yenyewe. Jibu moja pia linaweza kufika mara mbili. Namba ya risiti iwekee `unique=True`, hifadhidata yenyewe ikatae marudio.

Lakini kwa ushauri wangu toleo la kwanza liache bila malipo. Mhazini aandike namba ya muamala kwa mkono kutoka kwenye meseji. Uunganishaji unataka akaunti ya biashara na makaratasi, na kikundi kisicho na usajili rasmi kitakwama hapo hata msimbo ukiwa safi.

Seva_ya_Mbeya

Nijibu la kuhosti.

Bure ya kweli imepungua. Kampuni ya kuhosti ya Heroku waliondoa mpango wa bure Novemba 2022. Render bado wana wa bure, lakini huduma inalala ikikaa dakika 15 bila mgeni, na faili ulizoandika kwenye diski hazidumu. Maana yake ukiweka SQLite pale, siku huduma ikiwashwa upya data ya akina mama imekwenda. PythonAnywhere ni rahisi kwa anayeanza na faili zako zinabaki, ila akaunti ya bure inabana tovuti za nje unazoweza kuziita. Kabla ya kuleta mambo ya malipo angalia kama API unayoitaka inafikika kutoka pale.

Hosti za hapa nyumbani zenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti) nyingi zimejengwa kwa ajili ya lugha ya PHP. Uliza kabla hujalipa: "Mna Setup Python App?" Wakianza kukuzungusha, ondoka.

Mimi ningechukua seva ndogo ya kukodi, Ubuntu, gunicorn (inayoendesha Python) nyuma ya nginx (inayopokea wageni), cheti cha bure cha HTTPS cha Let's Encrypt kwa programu ya certbot. DigitalOcean ndogo kabisa inaanzia dola 4 kwa mwezi, na kikoba hiki kitaikalia bila kuijaza. Utajifunza mengi, ila masasisho ya usalama ni juu yako.

SQLite kwenye seva ya namna hiyo inatosha. Inaruhusu mwandikaji mmoja kwa wakati mmoja, na wewe una mhazini mmoja. Nakala rudufu usichukue kwa `cp` (kunakili faili tu) wakati mfumo unaandika, tumia amri ya `.backup` ya sqlite3, na nakala ikae nje ya seva hiyo.

Binti_Mzizima

Hapo kwenye SQLite ningeongeza: akishaunganisha malipo, majibu ya M-Pesa na mhazini watakuwa wanaandika pamoja siku ya kikao. Bado itaweza, lakini akiona `database is locked` ajue wakati wa PostgreSQL umefika. Kwa Django kuhama si kazi kubwa kama hajaandika SQL ya mkono.

React, hapana. Violezo vya Django na HTMX (maktaba ndogo ya JavaScript) kidogo pale unapotaka sehemu ya ukurasa ibadilike. Mhazini anatumia bando lake mwenyewe, usimpakulie JavaScript ya bure.

MlimaUluguru (Morogoro)

Asanteni sana wakuu. Nimeamua Django, SQLite, seva ndogo, malipo baadaye. Bado mawili. Mhazini akikosea kuingiza, afute au ahariri? Na daftari la zamani niliingize lote?

Mwerevu_wa_Forodhani (Unguja)

Asifute. Mwondolee ruhusa ya kufuta na ya kuhariri miamala, mwachie ya kuongeza na kutazama. Akikosea anaingiza muamala wa kurekebisha wenye maelezo, kama mhasibu anavyofanya kwenye leja. Kwenye `ForeignKey` (kiungo cha muamala na mwenyewe) ya mwanachama weka `on_delete=PROTECT`, inayokataa kumfuta mwenye miamala; ukiweka `CASCADE` na mtu akamfuta mwanachama aliyehama, miamala yake yote inafutika naye na jumla za kikundi hazitalingana tena.

Salio usilihifadhi kama safu ya kuhariri. Likokotoe kutoka kwenye miamala kila mara. Kwa watu 30 hakuna uzito wowote.

Fundi_Kinondoni

Daftari la zamani liache. Subiri mzunguko mpya uanze, ingiza mikopo ambayo bado inadaiwa kama salio la kuanzia, basi. Jumla isomwe kikaoni mbele ya wote kabla hujaendelea. Na mzunguko huo wa kwanza mhazini aendelee kuandika daftari sambamba.

Halafu kabla ya `migrate` (amri inayounda majedwali) ya kwanza kabisa, tengeneza modeli yako ya mtumiaji inayorithi `AbstractUser` ya Django, hata kama haina kitu ndani, na uitaje kwenye mpangilio wa `AUTH_USER_MODEL`. Nyaraka za Django zenyewe zinapendekeza hivyo, maana kuibadilisha katikati ya safari ni mateso. Watu wengi wa kijijini wanataka kuingia kwa namba ya simu, na hapo ndipo utakapoihitaji.

MlimaUluguru (Morogoro)

Mkuu, nilikuwa nimeshafungua terminali niandike `migrate`. Naanza na hiyo modeli ya mtumiaji kwanza.