Besi kwa piki au kwa vidole: nani kasema piki ni ya wasiojua?

Mwanzisha mada: Wakuu, kuna kauli inazunguka sana kwa wapiga gitaa la besi wa kwaya na bendi zetu: ukishika piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi, wewe ni mpiga gitaa la solo aliyekosa nafasi. Wako walimu wanaowanyang'anya wanafunzi piki kabisa. Napinga.

Carol Kaye alikuwa mpiga gitaa wa studio huko Los Angeles. Mwaka 1963 mpiga besi hakutokea siku ya kurekodi, akakabidhiwa besi yeye, na piki yake hakuiacha. Besi zake za miaka ile bado zinapigwa redioni. Mpiga besi Anthony Jackson naye: ule mwanzo wa wimbo "For the Love of Money" wa kundi la The O'Jays, 1973, ni piki. Hao nao hawajui besi?

Vidole Tu: Umechagua mifano inayokufaa. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown, Detroit, alipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada, tena kwenye nyuzi kuukuu asizopenda kubadilisha, na mpaka leo tunamwiga. Kidole kinauhisi uzi. Ukikaza, sauti inapanda, ukilegeza, inanyenyekea. Plastiki itahisi nini? Halafu mwanafunzi aliyeanza na piki hajui kuzima nyuzi asizozipiga, besi inavuma ovyo ibada nzima.

Fundi Mitambo: Nyie mnabishania hisia, lawama zinakuja kwangu. Uzi mnene wa E ukiwa wazi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo haziwezi kuitoa sauti hiyo, na simu ndiyo kabisa. Mnachosikia humo ni milio ya juu inayoambatana na noti. Piki ni ngumu, inauachia uzi ghafla, kwa hiyo milio hiyo inatoka kwa wingi. Nyama ya kidole inaimeza. Ndiyo maana besi ya vidole ikipita kwenye spika zenu za harusi mnasema nimeizima. Nikiongeza, ukumbi unaunguruma na mwimbaji hasikiki. Ila piki nayo ikizidi inagombana na gitaa la ridhimu, msinifanye wakili wa mtu.

Na huo mvumo una dawa. Kaye alikuwa anaweka kipande cha kitambaa kizito juu ya nyuzi, mlio usirefuke.

Vidole Tu: Fundi, sogeza mkono karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapofungwa, uone kama kidole hakitoi mlio mkali. Steve Harris wa bendi ya roki ya Iron Maiden anakimbia mbio zote zile kwa vidole, na noti haipotei hata moja.

Mwanzisha mada: Harris nakupa. Lakini angalia wapiga besi wa bendi ya Metallica: Cliff Burton vidole, Jason Newsted aliyeshika nafasi yake mwaka 1986 zaidi piki, Robert Trujillo kuanzia 2003 vidole tena. Bendi ni ile ile. Sijasema vidole viachwe, nasema mwalimu asikataze. Kuzima nyuzi kunafundishika hata kwa mwenye piki; ukingo wa kiganja kazi yake nini?

Vidole Tu: Sawa, lakini mwanafunzi wangu ataanza na vidole mwaka mzima, ndipo nimrudishie piki yake.

Fundi Mitambo: Mwaka mzima, na harusi ni Jumamosi hii?